Santuri ya Mchimba Kisima

"Sauti imesafishwa," ilisema Nadhifu, mashine ya kusafisha sauti, kwa ile sauti yake ya kike iliyopakwa asali. "Mikwaruzo yote imeondolewa. Kasoro moja kubwa mwishoni mwa upande wa kwanza imekatwa. Kosa la lugha kwenye lebo limesahihishwa. Tafadhali thibitisha kwamba nakala hii ni ya kweli."

Mbuke Nkwabi hakuthibitisha kitu. Alikuwa amekaa juu ya stuli katika chumba chake cha kazi pale Hifadhi ya Sauti ya Tabora, miguu ikining'inia kwa kuwa Mungu hakumjalia urefu, akiitazama santuri nyeusi iliyolala kwenye gramafoni. Ilikuwa ndiyo pekee iliyobaki duniani. Mafundi waliokuwa wakibomoa nyumba kuukuu karibu na stesheni waliikuta ndani ya ukuta, imeviringishwa kwenye khanga, na tangu ifike mezani kwake Mbuke alikuwa akisahau kula.

Bendi yenyewe iliitwa Karakana. Vijana wa reli, wachomeleaji na wapaka grisi, ambao zama za babu wa babu yake walikusanyika kila jioni baada ya kazi wakapiga roki ile ndefu ya visa, ambamo wimbo mmoja ulikula upande mzima wa santuri na msikilizaji akabaki akijiuliza kama ameanza kuzeeka. Walitoa santuri moja tu maishani mwao, wakaiita *Mchimba Kisima*. Jalada lake lilikuwa jeusi tititi, na katikati duara dogo la buluu. Nadhifu iliandika kwamba ni mchoro wa santuri. Mbuke alicheka mpaka akapaliwa, maana mtu yeyote aliyewahi kuinamia kisima angejua kwamba ule ulikuwa mdomo wa kisima unavyoonekana na mtu aliye chini.

Sasa mashine ilikuwa ikisubiri neno lake. Akithibitisha tu, nakala safi ingepelekwa kwenye punje za masikioni mwa watu wote kuanzia Kigoma hadi pwani, na santuri yenyewe ingeyeyushwa siku hiyohiyo. Ndivyo sheria ilivyotaka kwa kila chombo kinachobeba sauti isiyochujwa.

"Kasoro gani hiyo ya mwishoni?" aliuliza.

"Sindano inanasa kwenye mfuo wa mwisho. Mwimbaji anarudia neno moja bila kikomo. Nimekata marudio hayo, nikaunganisha upande wa kwanza na wa pili. Hakuna atakayetambua."

"Na kosa la lugha?"

"Chini ya lebo ya upande wa kwanza wameandika MWINUE. Sindano si kiumbe mwenye uhai. Nimesahihisha kuwa IINUE."

Mbuke alitabasamu. Mashine ilifanya kama mwalimu wa darasa la nne, na kusema kweli hata yeye angelitia neno lile wino mwekundu. Vijana wa reli walijua kuchomelea vyuma, ngeli za nomino ziliwapiga chenga. Alinyoosha mkono ili athibitishe. Kisha, kwa kuwa alikuwa mbishi tangu tumboni kwa mama yake, akaurudisha.

Alibonyeza nyuma ya sikio na kuilaza punje yake. Mafundi wa Hifadhi walikuwa na ruhusa hiyo, watu wengine hawakuwa nayo wala hawakuitamani. Punje ilikuwa kitu kidogo kama mbegu ya ulezi, mtoto alipandikizwa akiwa bado hajaota meno, na tangu hapo ndiyo iliyomchujia dunia. Ilisoma damu yake na mapigo ya moyo wake, ikajua anapenda nini kabla yeye hajajua. Wimbo ukimchosha, ikaufupisha. Besi ikimkera, ikaipunguza. Mume na mke waliweza kulala kitanda kimoja wakisikia wimbo mmoja, mmoja akausikia wa huzuni na mwenzake akausikia wa harusi, na wote wawili wakalala vizuri. Watu waliita hali hiyo raha, na ilikuwa raha kweli.

Punje ilipolala, feni ya darini ikaanza kulia kama mbuzi. Mbuke akaiweka sindano mwanzo wa upande wa kwanza.

Kwanza lilikuja gitaa peke yake, likishuka ngazi moja ya sauti baada ya nyingine, taratibu, na kila lilipofika chini lilianza tena kutoka pale lilipoishia. Ile ilikuwa kamba. Mtu alikuwa akiteremshwa. Mji wake ulikuwa umekauka, watu wamekunywa mpaka maji ya radieta za magari, na yeye ndiye aliyejitolea kuchimba. Kisha kikaingia kinanda, kikashika noti moja na kuing'ang'ania muda mrefu kiasi kwamba sikio lilianza kuisahau, na ghafla kilipoiachia Mbuke alihisi kama mtu amefungua dirisha. Ngoma zilienda kwa mapigo saba, besi ikaenda kwa matano, na kila zilipokutana, sururu ilipiga udongo. Walikuwa wamerekodi sururu ya kweli, au labda nyundo juu ya reli. Mwimbaji hakuwa na sauti nzuri hata kidogo. Alikuwa na sauti ya mtu aliyefanya kazi kutwa nzima na bado anaona fahari kuimba.

Katika sehemu waliyoiita "Jiwe", kila chombo kiligeuka adui wa mwenzake. Gitaa lilisaga, kinanda kikapiga kelele, ngoma zikakataa kuhesabika. Nadhifu ilikuwa imeilainisha sehemu hiyo mpaka ikawa kama mvua ya rasharasha. Hapa ilikuwa jiwe, na mtu alikuwa akiligonga kwa mikono yake, na Mbuke aliuma meno bila kujijua. Uzuri wake ulikuwa kwenye ule ukatili. Mtu aliyepita kwenye "Jiwe" akaja kusikia tone la maji lililofuata, tone moja tu la kinanda, angeweza kulia, na yeye alilia.

Halafu kamba ikakatika. Hakuna aliyeimba kwamba imekatika. Lile gitaa lililokuwa likishuka na kushuka lilinyamaza katikati ya ngazi, basi. Kutoka chini kabisa sauti ile ya kukwaruza ikaita watu wa juu.

"Nipo."

Pigo la ngoma. Ukimya kidogo.

"Nipo." Pigo. "Nipo." Pigo. "Nipo."

Mbuke aliganda. Damu ilimkimbia usoni, na mtu asiyemjua angedhani ni kwa ajili ya muziki. Aliurukia mkono wa gramafoni akauinua kwa pupa, karibu auvunje. Chumba kikanyamaza. Akakaa pale, mkono wa gramafoni ukiwa juu, yeye akihema, macho yake yakiwa yameangukia kwenye lebo iliyokuwa ikizunguka polepole mbele yake.

MWINUE.

Hawakuwa wamekosea ngeli. Hawakuwa wakizungumzia sindano hata kidogo.

Alichukua kioo cha kukuzia akainamia santuri. Mfuo wa santuri ni mmoja tu, mrefu, unaojizungusha kutoka ukingoni mpaka katikati, nao huishia kwenye duara lililofungwa ambalo kwa kawaida halina sauti. Karakana walikuwa wametia sauti ndani ya duara hilo. Na pigo la ngoma liliishia palepale lilipoanzia, bila kupungua wala kuzidi. Mkwaruzo haujui kuhesabu mapigo. Mtu alikaa akapima, akakata, akakosea, akarudia, mpaka mzunguko mmoja wa santuri ukatosha mtu mmoja kuita mara moja. Mchimbaji angebaki kisimani milele, akiita, mpaka mtu aliyeko sebuleni kwake, mwenye chai yake na miguu yake juu ya kochi, anyanyuke na kumwinua kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo angegeuza santuri, na upande wa pili ukaanza.

"Tafadhali thibitisha," ilisema Nadhifu.

"Kaa kimya," alisema Mbuke.

*

Nyumba ya Waliozama ilikuwa nyuma ya hospitali ya zamani, jengo refu la ghorofa moja lenye mapazia ya kijani, na ndani yake kila mtu alinong'ona, ingawa wagonjwa hawakuwa wakisikia chochote isipokuwa kile kilichowazamisha.

Shija, kaka yake, alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Alikuwa amenyolewa vizuri. Vidole vinne vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikigonga goti, kimoja kimoja, kidogo hadi cha shahada, kisha tena kutoka mwanzo. Noti nne. Alikuwa mpiga gitaa, Shija, na mtu wa utani asiye na breki. Siku moja alikaa na kusikiliza kipande cha noti nne kilichompendeza sana, punje ikasoma kwamba kimempendeza, ikampa tena. Ikampendeza tena, ikampa tena. Mbuke aliporudi kutoka sokoni alimkuta hivi alivyo sasa, na mayai aliyonunua yakaangukia sakafuni.

Ni Mbuke aliyesimama mbele ya Baraza la Masikio na kulia hadharani mpaka wakapitisha Sheria ya Marudio. (Jina hilo la Baraza walijipa wenyewe, na hakuna aliyewacheka.) Tangu hapo punje ya kila mtu iliwekewa lango, na sauti yoyote iliyojirudia kupita kiasi ilikatwa. Hakuna aliyezama tena. Alijivunia sheria ile. Ilikuwa kaburi zuri alilomjengea kaka yake aliye hai.

"Shikamoo, kaka," alisema, kama alivyosema kila alipokuja. Vidole viligonga.

Daktari Mihayo aliingia, mama mnene mwenye viatu visivyo na kishindo. Walisalimiana. Kisha akauliza swali lake, lilelile, kwa upole uleule.

"Umefikiria, dada?"

"Bado, Daktari."

Lilikuwa jambo jepesi kulieleza. Punje ya Shija ingeweza kuzimwa. Lakini ilikuwa imeota mizizi kwenye mshipa wa kusikia, na kuizima kulimaanisha kuuchoma mshipa wenyewe. Angeamka, na asingesikia tena sauti yoyote mpaka anaingia kaburini. Naye Shija, wakati akiwa mzima, alikuwa amesema mara nyingi, gitaa mapajani, kicheko mdomoni: "Siku nikikosa masikio, nizikeni tu msinisumbue." Mbuke alilishika neno lile kama wosia. Alikuwa akisubiri. Labda wangegundua dawa. Labda punje ingechoka yenyewe. Labda angeinuka mwenyewe tu siku moja na kuomba chai.

Jioni ile alikaa naye muda mrefu kuliko kawaida yake. Alitaka kumsimulia habari za Karakana, za sururu na lile jiwe, kwa sababu hakuna mtu duniani ambaye angezifurahia kama yeye. Alipojaribu, aliishia kwenye jina la bendi. Akabaki akivitazama vidole vikigonga.

*

Mkaguzi wa Baraza alikuja mwenyewe kutoka Dodoma aliposikia kwamba fundi wa Tabora amegoma kuthibitisha. Aliitwa Bwana Kasanda, mzee wa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikakoma ubishi, mwenye sauti ya kuongea na watu kana kwamba wako nyuma kidogo ya mahali walipo.

"Shikamoo, mzee," alisema Mbuke.

"Marahaba. Bi Mbuke, mimi nilikuwepo siku ile ulipolia mbele ya Baraza. Niliondoka mle leso yangu ikiwa imelowa. Sasa leo wewe ndiwe unayetetea marudio? Sheria hii ni mwanao."

"Ni mwanangu kweli, mzee. Ndiyo maana najua alipokosea."

"Amekosea wapi?"

"Marudio ya kaka yangu yalimwambia kaa hapahapa, usiinuke, yalikuwa ndani ya kichwa chake peke yake na hakuna mwenzie aliyeyasikia. Haya yanamwambia mtu inuka. Hayaishi mpaka mtu ainuke. Ukiyakata ukaunganisha, mchimbaji anatoka kisimani kwa miujiza, watu wanapiga makofi wanakwenda kulala. Umewanyang'anya wimbo wote."

Kasanda aliichukua santuri, akaisogeza karibu na miwani. "Mwinue," alisoma. "Mama, sindano si mtu."

"Wala mimi sijasema ni mtu."

Mzee alikunja uso. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameshazoea mambo yanayojimaliza yenyewe. "Utafanyaje sasa? Nikupeleke kwenye kamati tukabishane mpaka mvua zinyeshe?"

"Kikao cha uthibitisho. Sheria inaruhusu santuri halisi ipigwe mara moja mbele ya mashahidi, kwa spika, punje zikiwa zimelala. Ipigwe kama ilivyo. Baada ya hapo uamuzi ni wako, ukiamua ni kasoro, nitathibitisha na tutaiyeyusha."

"Na ule mwisho? Nani ataiinua?"

"Si mimi. Nakula kiapo mbele yako. Mimi ni fundi, nikiiinua mtasema ni kazi ya fundi. Aiinue aliyekuja kusikiliza."

"Na asipotokea?"

Hilo Mbuke alikuwa amelifikiria usiku kucha, na lilimtisha kuliko kamati yoyote. "Sindano itaendelea kupita palepale mpaka iumalize ule mfuo. Sauti itafutika. Na hakuna nakala nyingine yenye mwisho huo."

"Una roho ngumu, binti Nkwabi," alisema Kasanda, na haikujulikana kama anasifu au analaumu.

*

Walikusanyika kwenye karakana kuukuu ya reli, kwa sababu ndiko walikopigia mazoezi wale vijana, na kwa sababu paa lake la bati lilikuwa bado linafaa. Walikuja walimu, wenye maduka, mafundi baiskeli, wanafunzi wa uuguzi, na bibi mmoja aliyedhani kuna ugawaji wa mbegu, akaamua kubaki. Bwana Kasanda aliketi mstari wa mbele, mikono juu ya magoti.

Punje zilipolazwa, ukumbi ulishtuka. Watu walianza kusikia viti vikilia, nguo zikisuguana, jirani akipumua. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa mtandio kwa sababu alikuwa hajawahi kusikia mumewe akikohoa kwa sauti yake halisi. Mbuke hakuwapa hotuba. Aliweka sindano, akaenda kukaa pembeni, akaikalia mikono yake kabisa, kama mtoto anayezuiwa kula maandazi.

Kamba ilishuka. Udongo ukaanza kuchimbwa. Hapo likatokea jambo ambalo Mbuke hakulitarajia. Kwenye sehemu ya pili kulikuwa na utani mdogo wa besi, kama mtu mnene anayeteleza kwenye matope, na fundi baiskeli mmoja akacheka. Papo hapo akageuka kwa hofu, na kukuta wenzake wote wamecheka mahali palepale. Walitazamana. Watu wazima wale hawakuwahi kucheka pamoja kwa sababu ya sauti moja, na nyuso zao zilikuwa zimejaa haya na furaha, kama wachumba walioletwa kutambulishana. Mbuke alitamani kupiga kelele kwamba hiyo ndiyo kazi yake, hiyo ndiyo aliyosomea, tazameni.

"Jiwe" lilipokuja waliziba masikio. Hakuna aliyetoka. Walivumilia na kuuma meno, wengine wameshikana mikono na watu wasiowajua, mpaka lile tone la kinanda lilipodondoka na ukumbi mzima ukashusha pumzi. Bibi wa mbegu alisema, "Maji hayo!" kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kisha gitaa likanyamaza katikati ya ngazi.

"Nipo."

Pigo.

"Nipo."

Mwanzoni walitulia, wakisubiri kilichofuata. Walikuwa watu wasiowahi kuzima sauti yoyote kwa mkono. Kila kitu maishani mwao kilikuwa kimekoma chenyewe, kwa wakati uliowafaa. Walitazama dari. Walitazama spika. Wengine walibonyeza nyuma ya masikio, wakakumbuka kwamba punje zimelala.

"Nipo." Pigo. "Nipo."

"Itajizima?" mwanamke wa mtandio alimuuliza Mbuke.

"Haijizimi, mama."

"Kwa hiyo inakuwaje?"

Mbuke alitikisa kichwa. Alikuwa amekula kiapo. Aliiona sindano ikitetemeka kidogo kila ilipopita palepale. Tayari sauti ilikuwa imeanza kukonda. Herufi ya mwisho ya neno lile ilikuwa inaliwa, na alijua masikio yake hayamdanganyi. Watu walianza kunong'ona, halafu wakaacha, halafu wakakaa tu. Ilikuwa ajabu jinsi walivyozoea upesi. Fundi baiskeli alianza kutikisa mguu kufuata pigo. Mwanafunzi mmoja alifungua chupa ya maji akanywa. Mtu aliendelea kuita kutoka chini ya ardhi, na ukumbi mzima ulikuwa umeshaanza kumchukulia kama feni.

"Bi Mbuke," alisema Kasanda, "zima."

"Siwezi, mzee."

"Nakuamuru."

"Niamuru. Sitainuka."

"Nipo," ilisema sauti, nyembamba sasa kama uzi. "Nipo."

Mzee Kasanda alitazama kulia na kushoto. Alikuwa akitafuta mtumishi, msaidizi, mtu yeyote ambaye kazi yake ilikuwa hiyo. Hakumwona. Alisimama nusu, akakaa, akasimama tena, suti yake ikakunjamana. Akatembea kwa hasira mpaka kwenye gramafoni, akaingiza kidole chini ya mkono wa sindano kwa woga kama mtu anayemshika kifaranga, akauinua.

Ukimya ulioingia mle ndani ulikuwa wa watu wote. Mzee aliugeukia ukumbi, mkono wa gramafoni ukiwa bado kidoleni mwake.

"Huyu mtu anaita muda wote huo," alifoka, "muda wote huo anaita, na nyie mmekaa tu? Mmekaa tu mnamsikiliza?"

Bibi wa mbegu aliinamisha kichwa. Kisha Kasanda mwenyewe akasikia alichokisema, akasikia ngeli aliyoitumia, na uso wake ukalegea.

"Iandikwe," alisema polepole. "Hakuna kasoro. Ihifadhiwe kama ilivyo, na lebo isiguswe." Akamtafuta Mbuke kwa macho. "Sasa ninafanyaje, mama? Naigeuza?"

Lakini Mbuke alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshinda, na alijua ameshinda, na hakuhisi hata chembe ya ushindi. Mzee aliwafokea watu wa ukumbini, ila maneno yake yalikuwa yamempita kila mtu mle ndani yakaja kumkaa yeye kifuani. Ni nani aliyekaa kando ya mtu anayeita, mwaka baada ya mwaka, na shikamoo yake, na matumaini yake, akisubiri ajizime mwenyewe?

"Geuza, mzee," alisema. "Shika kingo, usiguse mifuo."

"Na wewe hukai usikie upande wa pili?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Nyuma yake gitaa lilianza kupanda ngazi, na hakugeuka.

*

"Nimekuja kumtoa," alimwambia Daktari Mihayo, akihema, maana nusu ya njia alikuwa amekimbia.

Daktari alimtazama vizuri. "Unajua hatasikia tena."

"Najua."

"Na alivyokuwa akisema? Kwamba azikwe tu?"

"Alisema akiwa na masikio, Daktari. Watu husema mengi wakiwa na vitu." Sauti yake ilikwaruza, akaikaza. "Labda atanichukia. Basi anichukie akiwa macho. Akitaka kuniambia nimekosea, nataka aniambie yeye, kwa mdomo wake. Nimechoka kumsemea."

Hawakuhitaji chumba cha upasuaji. Daktari alileta kifaa kidogo kama kalamu, akakiweka nyuma ya sikio la Shija, akamwuliza Mbuke kwa macho. Mbuke alipiga magoti mbele ya kiti, akaufunika mkono wa kaka yake kwa mikono yake miwili. Vidole viligonga ndani ya viganja vyake, kimoja kimoja. Alitaka kusali, akakuta sala zote zimemtoka. Akatikisa kichwa kukubali.

Kalamu ililia kidogo. Mwili wa Shija ulijinyoosha, ukalegea. Vidole vikagonga mara moja zaidi, kisha vikakoma.

Walingoja. Mbuke alianza kujiambia kwamba amemuua, na alijiambia hivyo waziwazi, bila kujificha. Daktari alishika mshipa wa shingo, akasema, "Yupo, yupo," lakini Mbuke hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akizitazama kope.

Shija alifungua macho. Alitazama pazia, akatazama viatu vyake ambavyo hakuvitambua, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti mbele yake, mwenye mvi ambazo hakuwa nazo walipoachana. Alikunja uso kama mtu anayesaka jina. Alifungua mdomo na kuongea, na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, aliongea kwa sauti ya kuitana kutoka ng'ambo ya uwanja wa mpira, katika nyumba ile ambamo watu wote walinong'ona.

"MBUKE! MBONA UMECHELEWA HIVYO?"

Mbuke aliangua kicheko na kilio kwa pamoja, akashindwa kuvitenganisha. Aliuvuta mkono wa kaka yake, akauweka kooni mwake ili ahisi walau mtetemo, akaanza kumjibu, tangu mwanzo, tangu mayai yalipovunjika, neno baada ya neno, huku akijua fika kwamba hasikii.